Sura ya Sita: Safari Isiyokwenda Popote

Swali la sura hii lilizuka Buhembe, Bukoba, kwenye benchi la muuza kahawa, jioni moja ambayo mvua ilikuwa imetukusanya chini ya bati moja. Kijana wa bodaboda alikuwa anatuonyesha video kwenye simu yake. Meli nyeupe, si kubwa sana, imetia nanga mbele ya kisiwa chenye nyumba nyeupe. Juu ya sitaha watu kama wanane wamejinyoosha kwenye viti. Mhudumu anapita na sinia, anaweka glasi mbele ya mama mmoja ambaye hata hakuinua kichwa kuagiza.

"Hii inaondoka Athens," kijana akaeleza. "Inazunguka visiwa vya Ugiriki siku saba. Mtu mmoja analipa mamilioni."

"Halafu inawashusha wapi?" akauliza muuza kahawa, mzee wa miaka sabini na ushee.

"Athens."

Mzee akaweka birika chini. "Palepale walipopandia?"

"Palepale, mzee."

"Na hawana mzigo?"

"Hawana."

"Hawana msiba huko, hawana harusi, hawana mtoto wa kupeleka shule?"

Tulicheka. Lakini swali lake ni la kweli, na kila ninapotaja meli za kifahari mbele ya watu wa Kagera hulisikia kwa namna moja au nyingine. Mtu mwenye fedha za kupanda ndege kwenda popote duniani anatafuta nini kwenye meli inayokwenda polepole na kumrudisha alikotoka? Wapwani wana methali ya baharini, kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hawa wanalipia hayo marejeo yenyewe.

Kwanza, ni chombo gani hiki?

Neno yoti limeanzia kwa Waholanzi, kutoka katika neno lao la uwindaji. Lilikuwa jina la vyombo vyepesi vya kufukuzana majini. Mwaka 1660 Waholanzi walimzawadia Mfalme Charles II wa Uingereza kimoja cha aina hiyo, kikiitwa Mary. Mfalme akakitumia kwa matembezi, na tangu hapo yoti ikawa chombo cha mtu asiye na haraka.

Siku hizi wauzaji wa safari wanalitumia neno hilo kwa mapana kuliko linavyostahili, kwa hiyo tutenganishe mambo matatu:

- Yoti binafsi. Ni ya tajiri mmoja au ya kukodi nzima. Ile ya kukodi kwa kawaida haichukui wageni zaidi ya 12, kwa sababu ikizidi hapo sheria za meli za abiria huanza kuibana.
- Meli ndogo ya kifahari. Vyumba vinauzwa kimoja kimoja kama hoteli, lakini meli ina sura na mwenendo wa yoti. Wageni ni kati ya 50 na 300 hivi. Hii ndiyo tuliyoiona kwenye simu.
- Meli kubwa ya utalii. Huu ni mji unaoelea. Icon of the Seas, iliyoanza kazi Januari 2024, ina urefu wa mita 365 na ikijaa hubeba abiria wapatao 7,600.

Msomaji asidhani mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa na yoti ya kifalme. Kimbunga cha mwaka 1872 kilikuwa kimezivunjavunja merikebu zake, naye akaagiza mpya Uskoti, ijengwe kwa mfano wa manowari ya Kiingereza aliyoipenda. Ikazinduliwa mwaka 1878 huko Dumbarton ikiitwa Glasgow, kama manowari yenyewe. Haikumfurahisha sana, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake ilikaa nangani mbele ya kasri. Agosti 27, 1896, katika vita vya Uingereza na Zanzibar vilivyodumu chini ya saa moja, Waingereza waliizamisha palepale ilipokuwa imelala. Kwa miaka mingi baadaye milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji ya bandari, kila aingiaye Unguja akiiona.

Meli mbili za Uskoti

Uskoti tusiiache bado, kwa sababu humo zimo meli mbili zinazojibu nusu ya swali la mzee.

Ya kwanza tunaijua sote. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kiwanda cha Yarrow cha Glasgow kilitengeneza meli kwa ajili ya Ziwa Victoria. Ilifungwa kwa bolti, ikafunguliwa vipande vipande, vipande vikaja kwa bahari hadi Mombasa, vikapanda treni hadi Kisumu, vikaunganishwa upya. Mwaka 1961 ikaanza kazi. Ndiyo Victoria yetu. Enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilizunguka ziwa: Kisumu, Port Bell, Bukoba, Mwanza, Musoma. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, ikabaki Tanzania. Ilisimama mwaka 2014, ikakarabatiwa, ikarudi majini mwaka 2020 na jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, ikiwa na uwezo wa abiria 1,200 na tani 200 za mizigo.

Ya pili ilijengwa Aberdeen, ikaanza kazi mwaka 1964 ikiitwa Columba. Nayo ilikuwa meli ya wananchi. Ilivusha watu na magari kati ya visiwa vya magharibi mwa Uskoti, abiria 600 na magari 50. Wachungaji wa kondoo, mama na vikapu, wanafunzi wanaorudi bweni. Picha ambayo mtu wa bandari ya Kemondo hahitaji kuelezwa. Baadaye ikanunuliwa, ikavuliwa mabenchi, ikawekewa vyumba 30 na mahali pa kuota moto, na mwaka 1989 ikaanza safari ikiitwa Hebridean Princess. Leo hubeba wageni wasiozidi 50, na mabaharia na wahudumu wanakaribia 40. Malkia Elizabeth II aliikodi nzima na familia yake mwaka 2006, alipotimiza miaka 80, akaikodi tena mwaka 2010.

Hiyo meli ni ileile. Chuma ni kilekile, visiwa ni vilevile, na mvua ya Uskoti haijaacha kunyesha. Kilichobadilika ni hesabu: kutoka watu 600 hadi 50. Ukitaka kujua anasa ya meli ndogo inatengenezwa kwa kitu gani, anza na hesabu hiyo.

Wananunua nini hasa?

Wengi hudhani wananunua vitu: kitanda kipana, kamba-mti, bwawa la kuogelea. Hivyo vipo, lakini hoteli yoyote kubwa ya Dar es Salaam inavyo, tena bwawa lake ni pana zaidi. Kwa vitu, meli kubwa inaishinda ndogo kwa mbali. Ina kumbi za maonyesho, maduka, mitelezo ya maji. Na bado ile ndogo ndiyo ghali. Safari nyingi za aina hii huuzwa kwa mamia ya dola kwa mtu kwa usiku mmoja, na za juu huvuka dola 1,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 2. Kwa chumba ambacho mara nyingine hakizidi sebule ya nyumba ya Shirika la Nyumba la Taifa.

Jambo la kwanza wanalonunua ni kujulikana. SeaDream I, meli iliyojengwa mwaka 1984 na ambayo hadi leo hutajwa sana na wapenzi wa safari hizi, huchukua wageni 112 na wafanyakazi 95. Karibu kila mgeni ana mtu wake. Siku ya pili mhudumu anajua kwamba hunywi maziwa. Siku ya tatu unajua majina ya wenzako wa meza ya jirani na yule mzee wa Kanada ambaye hadithi yake moja haina mwisho. Hapa kwetu hakuna la kushangaza: ukiingia nyumba ya Mhaya wa zamani, kabla hujaulizwa shida yako unapewa kahawa ya kutafuna, na mwenyeji anauliza wewe ni mtoto wa nani. Matajiri wa miji mikubwa, wanaokaa ghorofa moja na jirani miaka kumi bila salamu, wanalilipia jambo hilo kwa dola.

Pili, wananunua usiku. Hili ndilo linalonivutia zaidi mimi, na matangazo hayalisemi vya kutosha. Meli inatembea umelala. Hupangi na kupangua sanduku kila siku. Nguo zimetundikwa mara moja, na asubuhi dirisha lilelile linaonyesha mji mwingine. Yeyote aliyewahi kupanda meli Mwanza usiku, taa za Capri Point zikazama nyuma, akaamka alfajiri Kemondo, analijua jambo hilo mwilini. Umbali umelika bila wewe kuutafuna. Basi la Mwanza hadi Bukoba linakupa safari. Unaihisi kiunoni siku mbili. Meli inakufichia safari yenyewe.

Tatu ni milango midogo. Meli ya mita 300 inahitaji bandari ya kina kirefu, na ikifika inamwaga watu elfu tatu kwenye mtaa mmoja. Venisi, nchini Italia, ilichoka, na mwaka 2021 serikali ikazizuia meli kubwa kupita katikati ya mji. Ndogo inatia nanga popote penye maji ya kutosha, inashusha boti za mpira, watu kumi kumi wanakwenda ufukweni. Ndiyo maana meli za Ponant, kampuni ya Kifaransa, zimeweza kuwaleta wageni Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya msikiti mkuu na kasri la Husuni Kubwa, mahali ambapo meli ya ghorofa ishirini isingethubutu.

Nne, kutokufungua pochi. Safari nyingi za aina hii hulipiwa zote mapema: chakula, vinywaji, mara nyingi hata bakshishi. Ukishapanda, fedha inapotea machoni. Hilo nalo tunalijua. Ni mchango wa harusi. Umetoa tangu mwezi uliopita, umepewa kadi, siku ya sherehe unakaa kama mwana wa mfalme, chakula kinakuja na soda hazihesabiwi. Hata suala la kadi ya single na double wanalo: bei hutangazwa kwa mtu mmoja akiwa wawili chumbani, na anayesafiri peke yake hutozwa nyongeza kwa kile kitanda kitupu. Kamati zetu za harusi bado hazijafikia ukatili huo.

*Kwa ufupi hadi hapa: meli kubwa inauza vitu vya kufanya. Meli ndogo inauza uchache wa watu, usingizi unaosafiri, na mahali ambapo wengine hawafiki.*

Nikiri pia upande wa pili. Uchache huu una gharama ambayo mgeni haioni. Mafuta yanayochomwa kumbeba mtu mmoja ni mengi, kwa sababu injini inagawanywa kwa watu wachache. Wanaotandika vitanda, wengi wao kutoka Ufilipino, Indonesia na India, hukaa miezi mingi mfululizo bila kuona watoto wao, wakitabasamu siku saba kwa wiki. Na mgeni aliyelipia chakula chote melini hana njaa akishuka. Muuza urojo wa Forodhani, Unguja, anaweza kumwona akipita tu, na kamera shingoni.

Ziwa linakumbuka

Hapa kuna jambo ambalo mwandishi wa matangazo ya London hawezi kulijua, na mtu wa Bukoba hawezi kulisahau. Mei 21, 1996, asubuhi, MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Ilikuwa na ruhusa ya kubeba abiria 430. Waliokufa wanakadiriwa kuzidi 800. Wengi walizikwa pamoja Igoma, na kuna familia za Muleba na Bukoba ambazo hazikupata hata cha kuzika.

Kwa nini hesabu ni ya kukadiria? Kwa sababu abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha ya majina. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo.

Nilipokuwa nakusanya mambo ya sura hii, sentensi hiyo ilinirudisha nyuma kila mara. Maana kwenye meli ndogo ya kifahari, kabla ya glasi ya kwanza na kabla ya picha ya machweo, ni lazima kila mgeni ahudhurie zoezi la dharura. Anavaa jaketi okozi au anaonyeshwa namna ya kulivaa, anaonyeshwa mahali pa kusimama king'ora kikilia, jina lake linahakikiwa kwenye orodha. Ni sheria ya kimataifa, na inahusu meli zote za safari kama hizo, kubwa na ndogo. Bilionea anasimama pale na jaketi la rangi ya chungwa kama mwanafunzi mbele ya mwalimu wa zamu. Wageni hulalamika kwamba linawachelewesha kwenda kunywa. Mimi naona hiyo ndiyo anasa ya kwanza, nyingine zote zimejengwa juu yake: mtu fulani anajua uko ndani ya meli, anajua unaitwa nani, na hakuna aliyezidi.

Kwa hiyo mtu wa kwetu anapomshangaa tajiri anayelala chali kwenye sitaha bila wasiwasi, kinachomshangaza huenda si utajiri. Ni ule kutokuwa na wasiwasi.

Je, chombo kama hicho kingeweza kuelea hapa?

Kwa maji, hakuna tatizo. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zinazokaribia 69,000, na Afrika ina mifano kwenye maji madogo kuliko hayo. Zambezi Queen, kwenye mto Chobe kusini mwa Afrika, ina vyumba 14 na wageni 28 wanaotazama tembo wakivuka mto. Tatizo ni mlango. Hakuna meli inayoweza kutoka baharini kuja ziwani kwetu kwa maji. Nile ina maporomoko na mabwawa. Chombo hujengwa ufukweni kwa vipande, kama Victoria, au kama MV Mwanza, meli ya mita 92 iliyoshushwa majini jijini Mwanza Februari 2023.

Wala wazo lenyewe si geni. Katika ukoloni wa Waingereza, reli ya Uganda iliuza tiketi za kuzunguka ziwa kwa meli za mvuke, na walowezi kutoka Nairobi walikuja kupumzika. Walikaa kwenye viti vya sitaha wakati Bukoba ikipakia kahawa na ngozi. Abiria wa juu alikuwa anatalii, mpagazi wa chini alikuwa kazini, na gati lilikuwa moja.

Nikipewa kalamu ya kuota, ningeichora njia hivi. Unaondoka Bukoba jioni, ukikipita kisiwa cha Musira, lile jabali lililokaa mbele ya mji, ambako zamani inasimuliwa wakosaji walipelekwa na kuachwa. Asubuhi unaamka Bumbire, wilaya ya Muleba, wavuvi wa dagaa wakirudi na karabai zao bado moto. Kisha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, ambako kuna sokwe ambao wazee wao walikuja kwa meli: waliletwa kutoka bustani za wanyama za Ulaya katika miaka ya 1960, wakafunguliwa msituni. Naona hao ndio abiria wa ajabu kuliko wote waliowahi kufika ziwani. Kisha Ukerewe, na mgeni mwenye subira angesoma sitahani riwaya ya Aniceti Kitereza, aliyeiandika kwa Kikerewe na kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kitabu kilichokuja kuchapishwa mwishoni kabisa mwa maisha yake; alifariki mwaka 1981. Chakula kiwe ndizi na sato. Msimu wa senene, senene.

Nani angelipa? Hapo sina uhakika kwamba jibu ni Wazungu tu. Wanaokwenda Zanzibar na familia mwezi wa Desemba, wanaofanya sherehe za ndoa hotelini, wanaorudi Kagera kwa sikukuu wakitokea Dar es Salaam, Kampala na Stockholm: hao tayari wanalipa hela ya anasa. Wanalipia ukumbi.

Kikombe cha pili

Mvua ilikuwa imekatika, na kijana wa bodaboda alikuwa amekwisha ondoka na abiria. Nikamweleza mzee haya yote kwa ufupi, uchache, usiku, majina. Alisikiliza akisuuza vikombe.

Akasema yeye aliipanda Victoria enzi za Jumuiya, akiwa kijana, akitokea Kisumu. Alikuwa daraja la tatu, kwenye benchi, na begi akalifanya mto. Usiku akaona joto, akapanda juu kusimama kwenye vyuma vya pembeni. Hakukuwa na mwezi. Injini ilikuwa inatetemesha miguu yake, na mbele hakuna taa hata moja. Akakaa huko mpaka kulipopambazuka, Musira ikajitokeza, halafu mnara wa kanisa, halafu watu wa Kastamu wakisubiri kamba.

"Ukashuka," nikasema.

"Wenzangu walishuka. Walikuwa wanasukumana pale kwenye ngazi. Mimi nilibaki juu. Baharia mmoja akanifukuza mara mbili, akasema kijana, tumefika, teremka."

"Ulikuwa unangoja nini, mzee?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto, akachukua kikombe changu, akakijaza tena.

"Nilikuwa singoji kitu."